Leseni ya Mboga

Kwetu, mtu akikuuliza "Leo mboga nini?" hakuulizi habari za majani. Anataka kujua ugali wako unaulia nini. Kisamvu ni mboga, kunde ni mboga, kuku ni mboga, na papa mkavu aliyeungwa kwa korosho zilizotwangwa ni mboga pia, tena mboga ya kukaribishia mgeni. Nilizaliwa Nkowe, upande wa Ruangwa, nikaolewa Nachingwea, na kote huko nililijua neno hilo kwa maana hiyo moja. Naanza nalo kwa sababu ndilo lililonikosanisha na Serikali, na ndilo, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, lililonionyesha mambo ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naacha kazi ya mikono.

Nilianza kuuza samaki katika soko la Nachingwea katikati ya miaka ya tisini. Mume wangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, yakawa hayaoni tena jembe wala mti wa mkorosho, ila masikio yake yalibaki mazima, na kwa masikio hayo aliendelea kusomesha. Mtoto akikosea herufi moja, yeye akiwa ameegemea ukuta kama aliyelala, alisema, "Rudia." Akipatia alisema, "Sahihi." Hakuwa na maneno mengine mengi darasani. Basi shamba likawa halimwezi, na meza yangu ya samaki ikawa ndiyo chungu chetu.

Samaki walitoka Lindi kwa basi. Mwanzoni walikuwa wale wakavu na wa kukaanga, ndani ya matenga, na baadaye barafu ilipoanza kupatikana wakaja wabichi katika masanduku. Mimi mwenyewe bahari nilikuwa sijaiona. Niliuza viumbe wa mahali nisipopajua kwa watu wa Lionja na Kilimarondo ambao nao hawakupajua, na sote tuliwala kwa shukrani.

Fomu ya leseni niliijaza kwa mkono wangu. Baba yangu alinifundisha herufi za Kiarabu nikiwa mdogo sana, na hizi za shule nilizipata ukubwani, katika elimu ya watu wazima, kwa hiyo nilizishika kalamu na fomu ile kwa heshima kama mtu aliyeshika kitu cha kuazima. Palikuwa na mstari umeandikwa "Aina ya biashara". Nilifikiri sana pale. Nikiandika samaki, je, wiki nitakayoletewa pweza mkavu? Pweza si samaki. Na dagaa je, ambao kwetu tunawaita dagaa tu? Sikutaka kusema uongo mbele ya Serikali. Nikatafuta neno pana, la kweli, lisiloacha kitu nje, nikaandika kwa herufi kubwa: MBOGA.

Karani aliyepokea fomu alikuwa mteja wangu wa kila Ijumaa. Aliisoma, akagonga muhuri, akasema, "Kesho niwekee changu wawili." Kila mwaka leseni ilipokwisha niliandikiwa nyingine, na neno lilelile likanakiliwa. Niliitia katika nailoni na kuitundika kwenye msumari juu ya meza. Niliiangalia kila asubuhi nikiwa nafungua, na nilikuwa na raha nayo.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili akaletwa wilayani kijana mmoja, afisa wa uvuvi. Alikuwa mwenyeji wa kanda ya ziwa, Mkristo, mwembamba, mwenye begi la ngozi na viatu vilivyokuwa vyeusi mpaka vumbi letu jekundu lilipovipata. Siku ya pili tu soko zima lilikuwa limekwishampa jina: Bwana Samaki. Alipofika kwenye meza yangu alinisalimia vizuri, "Shikamoo mama," akaitikiwa, kisha akainua macho kwenye msumari.

"Mama, leseni yako ya samaki iko wapi?"

"Ndiyo hiyo, mwanangu."

"Hii ni ya mboga."

"Ndiyo."

"Lakini hapa unauza samaki."

"Ndiyo mboga yenyewe."

Jirani yangu wa meza, mwanamke wa Kimakonde ambaye wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji, aliuza nyanya, mchicha na bamia. Tulikuwa watani, na utani wetu haukuwa na likizo. Akajishika kiuno. "Kumbe! Huyu Mmwera ana leseni yangu mimi! Ndiyo maana mchicha wangu haununuliki, Serikali inajua muuza mboga ni yeye!"

Watu wakacheka. Hata Bwana Samaki alicheka kidogo, akaziba mdomo. Kisha akasema kwa upole, "Mama, hata kwetu nyumbani samaki ni mboga. Lakini ofisini mboga ni majani. Samaki ana leseni yake, na kanuni zake, na mimi ndiye ninayezisimamia. Hii uliyonayo kwa samaki ni batili."

Wenzangu hawakusikia kitu. Waliendelea kucheka. Lakini mimi neno lile lilinigusa kwingine. Kwa mtu aliyelelewa chuoni, batili si neno la ofisini. Sala iliyoswaliwa bila udhu ni batili. Huihesabu, na hata kama uliinama na kusujudu na kulia machozi, haikuwapo. Ndivyo nilivyolisikia. Kijana yule hakujua alichonipa. Alinieleza kuwa nifunge meza, na kwamba ananipa siku kumi na nne: nipimwe afya, nitengeneze meza ya kuosheka, niweke wavu wa nzi na maji yanayotiririka, nijifunze kuwatambua samaki wanaofaa, na siku ya mwisho atakuja kukagua. Nikishindwa, nafasi ile sokoni atapewa mwingine. Nilimsikia vyote, lakini niliyarudisha nyumbani maneno mawili tu: nafasi, na batili.

Mume wangu alikuwa ndiyo kwanza amewaruhusu wanafunzi. Nilimsimulia. Akauliza, "Miaka mingapi?"

"Minane."

"Uliandika kitu unachojua si kweli?"

"Hapana, Mwalimu. Niliandika lugha yetu."

Akapapasa tasbihi. "Sala ikibatilika nitakwambia uirudie. Chakula cha miaka minane sijui utakirudiaje."

"Ndiyo nauliza. Tulichokula kilikuwa halali?"

Wanaume wengi wangejibu pale pale, ili mke anyamaze. Yeye alisema, "Mimi najua ya udhu na ya mirathi. Ya samaki sikusoma. Kwanza jifunze anachotaka yule kijana, kisha muulize yeye mwenye sheria. Usimuulize kabla hujajua unachouliza."

Nikafanya subira, na nikaanza kutengeneza.

Fundi alinipigia bati jipya juu ya mbao, akalikunja kingo ili maji yasimwagike ovyo. Nilipimwa zahanati, makohozi na choo, nikapewa cheti. Fundi cherehani alinishonea koti jeupe, na mtani wangu aliponiona nalo alipiga magoti akasema, "Daktari, mgongo unaniuma." Kwa maji yanayotiririka nilitoboa ndoo na kuweka bomba dogo chini yake. Nilipofungua bomba lile mara ya kwanza na kuweka vidole chini, nilisimama. Tangu utotoni nilifundishwa kuwa maji yakipita mkono yanaondoka na uchafu, na maji uliyotumbukiza mkono yanabaki nao. Na hapa kitabu cha kanuni cha kijana huyu wa kanda ya ziwa, kilichoandikwa na watu nisiowajua, kilikuwa kinaniambia jambo lile lile kwa ajili ya mtoto wa Kilimarondo atakayekula kibua kutoka mezani kwangu. Mtoto yule hawajawahi kumwona, wala hawatamwona. Nilikuwa nimedhani kanuni ni uzio tu, kumbe ndani yake kulikuwa na mtu anayemhurumia mwenzake wa mbali. Nilisema alhamdulillahi, nikafunga bomba ili maji yasiishe.

Katikati ya zile siku kumi na nne Bwana Samaki alituita wauzaji wachache nyuma ya ofisi yake, akaweka samaki juu ya meza. Alikuwa ameagiza wale samaki kutoka Lindi. Akaanza na jicho: likiwa limetuna na kung'aa, samaki ni mpya, likizama limekwisha. Akafunua shavu akatuonyesha matamvua, yale mekundu yaliyopangana, ambayo samaki hupumulia. Nilikuwa nimeyakata na kuyatupa miaka minane. Sikuwahi kuyafungua na kuyatazama. Yalikuwa yamepangwa mstari juu ya mstari, membamba, hakuna mmoja uliopanda juu ya mwenzake. Nani alikaa akayapanga yale, gizani, chini ya maji?

Kisha akapasua kichwa kwa ncha ya kisu, akatoa vijiwe viwili vyeupe, vidogo kuliko punje ya mtama.

"Hivi viko sikioni mwake," alisema. "Ukikikata na kukitazama kwa kioo cha kukuzia, utaona mistari. Kila mwaka unaacha mstari."

"Kila samaki anavyo?" nikauliza.

"Karibu wote wa aina hii, mama."

Nikaomba kimoja. Alinitilia kiganjani. Nilikikodolea macho, na mzee mmoja muuza kambale aliyekuwa kando yangu akanong'ona, "Umekufa, dada?" Sikuwa nimekufa. Nilikuwa nawaza kwamba kuna kiumbe ambaye hakuna mtu aliyejua amezaliwa, na bado umri wake umeandikwa ndani ya sikio lake, mwaka baada ya mwaka, na mwandishi hakuchoka.

Mwisho akatoa changu wawili waliofanana. Macho mazuri, magamba mazuri, harufu nzuri. "Chagueni," akasema. Tukachagua huyu na yule, kila mtu na lake. Akawapasua wote wawili. Wa kwanza alikuwa mzima. Wa pili uti wa mgongo ulikuwa umevunjika, damu nyeusi imeganda kando yake, na kifuko cha hewa tumboni kilikuwa kimepasuka vipande.

"Huyu ameuawa kwa baruti," alisema. "Wanaitupa majini, inaua wote, wakubwa na watoto na mayai, na matumbawe wanayoishi yanavunjika. Nje hakionekani kitu. Lakini mshike. Nyama yake laini, haishiki mfupa. Huruhusiwi kumuuza."

Nilimshika. Na vidole vyangu vikamtambua kabla yangu.

Kulikuwa na bibi wa Lionja, hana meno, ambaye kila akija sokoni alisema, "Mwanangu, nipe wale laini." Nilikuwa namchagulia kwa kubonyeza, nikifurahi kwamba namtendea wema. Wale laini. Nilikuwa najivunia kuwapata. Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa na kijiwe kwenye ncha ya kanga na bibi yule moyoni, na vitu hivyo viwili vilikuwa na uzito mmoja. Nilimwambia mume wangu, "Sasa najua ninachouliza."

Siku ya kumi na nne basi lilifika asubuhi na sanduku langu. Ruhusa niliyopewa ilikuwa ya kupanga samaki mezani wakaguliwe, si kuuza. Nilivaa koti, nikaosha mikono chini ya bomba, nikafungua. Barafu ilikuwa bado nzuri. Nikambonyeza wa kwanza, mzima. Wa pili mzima. Wa tatu kidole kikazama. Nikampasua, na uti wake ulikuwa umekatika. Nikaendelea kubonyeza, na kila nilivyozidi kushuka ndani ya sanduku ndivyo walivyozidi kuwa laini.

Mtani wangu aliniona nimekaa chini. Akaja, akatazama.

"Wameoza?"

"Hapana. Wa baruti."

"Yeye atajuaje? Wafunike kwa barafu, panga wale wazima juu. Akishaandika, utawatupa. Au uza, watu wenyewe wanawapenda."

"Wewe Mmakonde, unataka nifungwe upate eneo la kumwaga nyanya zako."

Hakucheka. Alichuchumaa karibu yangu, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane alisema nami bila utani. "Dada, mezani hapa ndipo unapolia ugali. Mzee nyumbani haoni. Fikiri."

Nilifikiri. Nilijua alichosema ni cha kunipenda. Lakini nilikuwa nimebeba swali moja kwa siku kumi na nne, na sikuona nitawezaje kumuuliza yule kijana kuhusu uhalali wa miaka minane nikiwa nimemficha sanduku la asubuhi ile. Nikawatenga: wazima kulia, laini kushoto. Nikangoja.

Bwana Samaki alikuja na bwana afya. Walitazama bati, wavu, bomba, cheti. Kisha akaangalia mafungu mawili.

"Hawa vipi?"

"Hawa wa kushoto ni wa baruti, mwanangu. Wamekuja hivi asubuhi. Sikuwaagiza, lakini wamekuja kwangu."

Wakatazamana. "Nani amekwambia ni wa baruti?"

"Wewe. Wiki iliyopita."

Akavua saa, akaosha mikono, akachukua kisu changu. Alimpasua mmoja wa kushoto, mgongo umevunjika. Wa pili, umevunjika. Watu walikuwa wameanza kujaa. Alipasua fungu zima la kushoto, mmoja baada ya mwingine, na kisu kilipoingia mimi nilikuwa nasema bismillahi kimyakimya kama mtu anayesomewa majibu ya mtihani. Wote walikuwa wamevunjika, isipokuwa mmoja. Alimwinua.

"Huyu ni mzima, mama. Mbona umemweka huku?"

"Nilikuwa na shaka naye."

"Kanuni haikatazi shaka."

"Ya kwetu inasema ukiwa na shaka, acha."

Akamtazama yule samaki muda mrefu, kisha akamweka kulia yeye mwenyewe. Wa kushoto walibebwa, wakamwagiwa mafuta ya taa na kufukiwa shimo refu nyuma ya soko. Akaandika sanduku limetoka kwa nani, akasema taarifa itakwenda Lindi. Nilisubiri nisikie neno lake la mwisho, maana nilijua sasa ananigeukia mimi.

Akatoa fomu mpya kwenye begi na kunipa kalamu. "Andika mwenyewe. Hapo kwenye aina ya biashara."

Nikaandika: SAMAKI.

"Na pweza?" nikauliza. "Na dagaa?"

"Kwa leseni hii wote ni samaki."

"Pweza naye?"

"Naye."

"Basi na ninyi ofisini mna lugha yenu," nikasema, na bwana afya akacheka mpaka akashika meza.

Kisha Bwana Samaki akaishusha ile leseni ya zamani kutoka kwenye msumari, akaitoa katika nailoni, akafungua kalamu nyekundu. Nikajua neno gani linakuja. Nikamshika mkono. Sijawahi kumshika mkono mwanamume asiye wangu, kabla wala baada.

"Mwanangu, nina swali. Ikishakuwa batili, ni batili tangu leo, au tangu mwanzo?"

Hakunielewa. Nikamweleza: udhu, sala, miaka minane, mzee nyumbani, bibi wa Lionja na samaki laini. Nilisema yote, watu wakisikia. Yule kijana hakuwa wa dini yangu, na alikuwa sawa na mwanangu wa pili kwa umri, lakini alikaa juu ya sanduku tupu akafikiri kama kadhi. Kalamu ilikuwa mkononi mwake na watu wengine wa kukaguliwa walikuwa wakimngoja.

"Serikali ilikupokea kila mwaka," akasema mwishoni. "Karani wetu alijua unauza nini, akagonga muhuri. Kosa liliandikwa na watu wawili. Na wale samaki laini hukuwajua. Leo umewajua, umewaacha." Akainama, akaandika juu ya leseni ya zamani neno moja kwa wino mwekundu, akanirudishia. Kwa utaratibu, nadhani, ilipaswa kubaki kwake.

Nilifunga meza mapema. Samaki wachache waliobaki wazima walinunuliwa mara moja, na mtani wangu alinitupia fungu la mchicha kwenye kikapu. "Chukua, hii ndiyo mboga ya kweli, uliyokuwa na leseni yake."

Mume wangu alikuwa ametandika mkeka uani baada ya adhuhuri. Nilikaa, nikamwekea karatasi magotini ingawa hakuiona, na kidole changu chini ya wino.

"Soma," akasema.

"Imesahihishwa."

"Rudia."

"Imesahihishwa."

Akapitisha kiganja juu ya karatasi, polepole, kama afanyavyo kwenye ubao wa mtoto aliyemaliza somo. "Sahihi," akasema. Kisha akanusa upande wa kikapu. "Leo mboga nini?"

"Mchicha," nikasema, nikaenda kuuchambua.